Usiku mmoja Bourgogne: kula na kulala mahali pamoja

Ndugu yangu, umeuliza wewe na shemeji mle na mlale wapi Jumapili usiku, mkitoka Paris kwenda Lyon kwa gari. Tafuteni chambre d'hôtes katika vijiji vya karibu na Beaune, mji ulio njiani katika eneo la Bourgogne. Ni nyumba ya mtu, kisheria haizidi vyumba 5 vya wageni, na kifungua kinywa kimo ndani ya bei. Lakini ulizeni kwanza kama kuna table d'hôtes, yaani mwenyeji anapika chakula cha jioni na wageni mnakula pamoja mezani pake. Hilo ndilo muhimu, maana Jumapili usiku migahawa mingi ya vijijini hufungwa. Mimi na mume wangu tuliwahi kulala na njaa kwa kutojua hilo.

Wekeni oda siku kadhaa kabla. Kama hamtumii pombe wala nguruwe, semeni hapohapo: ule mchuzi wa ng'ombe wa Bourgogne, mzito, wenye uyoga na vitunguu vidogo vizima, hupikwa kwa divai nyekundu na mara nyingi hutiwa vipande vya nguruwe.

Jibini huletwa baada ya nyama, kabla ya kitindamlo. Acheni nafasi.