Re: Je, Kalasinga wanamwabudu Guru Nanak?

Mkuu, umeuliza kama Kalasinga (Masikh) wanamwabudu Guru Nanak, mwanzilishi wa dini yao, na kama wanaamini pepo na moto. Hawamwabudu kabisa. Nanak, aliyezaliwa Punjab mwaka 1469, kwao ni mwalimu. Mungu ni mmoja, hana umbo, hakuzaliwa wala hafi. Wanamwita Waheguru, na hawamchongei sanamu.

Kwenye wokovu ndipo wanapotofautiana sana na Wakristo na Waislamu. Shabaha yao si pepo, bali roho itoke katika mzunguko wa kufa na kuzaliwa upya, iungane na Mungu. Kinachoifunga ni ubinafsi. Ndiyo maana wanasisitiza kulikumbuka jina la Mungu, kula kwa jasho lako na kugawana na wengine. Hata hivyo, juhudi pekee haitoshi, lazima Mungu akujalie neema yake. Binafsi naona fundisho hili ni zito na zuri mno.

Sherehe zipo kadhaa. Vaisakhi, katikati ya Aprili, hukumbusha mwaka 1699 Guru Gobind Singh, mwalimu wao wa kumi, alipoanzisha Khalsa, yaani jumuiya ya waumini walioapishwa rasmi. Kuzaliwa kwa Nanak huadhimishwa mara nyingi Novemba: kitabu chao kitakatifu husomwa mfululizo kwa takribani saa 48, wasomaji wakipokezana usiku na mchana, kisha watu huketi safu moja, tajiri na maskini, wakala dengu na chapati bure.

Ukipita Makindu, barabara ya Nairobi–Mombasa, ingia hekalu lao ujionee. Vua viatu, funika kichwa, na usiingie na sigara wala pombe. Chakula utapewa bila kuulizwa dini yako.