Nimepandikizwa Figo: Je, Saratani ya Ngozi Inanihusu?

SWALI: Daktari, nilipandikizwa figo miaka 3 iliyopita na ninameza azathioprini pamoja na dawa nyingine bila kukosa. Kliniki waliniambia nijikinge na jua nisije nikapata saratani ya ngozi. Mimi ni mweusi. Je, onyo hilo linanihusu? Na nikipunguza dawa, si nitakuwa salama?

JIBU: Usipunguze hata kidonge kimoja kwa uamuzi wako, kwani mwili unaweza kuanza kuikataa figo kabla hujahisi lolote. Ni kweli kwamba dawa hizo, kwa kuizuia kinga ya mwili isiishambulie figo, huifanya pia ilegee katika kuziwinda seli zilizoharibika, na azathioprini huongeza lake: huifanya ngozi idhurike upesi kwa mionzi ya jua. Zungumza na daktari wako, maana wapo wanaobadilishiwa dawa, ingawa si kila mtu hufaa kubadilishiwa.

Onyo hilo linakuhusu, ila kwa namna yake. Ile hesabu inayotajwa mara nyingi, kwamba saratani ya seli za skwamasi (aina mojawapo ya saratani ya ngozi) huwapata waliopandikizwa viungo mara 65 hadi 100 zaidi ya wengine, imetokana hasa na watu weupe. Kwa mweusi hatari ni ndogo zaidi, lakini uvimbe huweza kujitokeza mahali jua lisipofika: kinenani, sehemu za siri, kwenye nyayo au chini ya kucha. Kwa hiyo mara moja kwa mwezi vua nguo zote, simama mbele ya kioo penye mwanga, kisha upapase ngozi kwa vidole, kwa sababu baka dogo linalokwaruza kama msasa huhisiwa kabla ya kuonekana. Mwombe pia daktari wa ngozi akukague walau mara moja kwa mwaka, na usione haya kuvua.

Juani, tegemea kwanza shati la mikono mirefu na kofia ya ukingo mpana. Kapelo huacha masikio na shingo wazi. Krimu ya kukinga jua yenye SPF (kipimo cha kinga dhidi ya jua) 30 au zaidi ipakwe kwa wingi (wengi hupaka kiduchu mno), na irudiwe kila baada ya saa 2. Midomo isisahaulike.

Ukiona kidonda kisichopona kwa wiki 4, kinundu kinachokua haraka au baka la zambarau, usingoje siku yako ya kliniki.