Kigong'ota anagonga mwembe: acha manati

Ndugu, umeuliza kama ndege anayegonga mwembe wako kutwa atauua, na kama umpige manati. Tafadhali usimpige.

Ulivyomweleza, mdogo wa kama sentimita 15, kifua chenye michirizi myeusi, kisogo chekundu, huyo ni kigong'ota, Dendropicos fuscescens, dume. Jike ana kisogo cheusi. Ni ndege wa mbuga zenye miti, ila mashambani na bustanini yupo pia. Hutembea wawili wawili, akijiegemeza kwa mkia mgumu huku akichokoa mabuu ndani ya mbao.

Kwa hiyo likague tawi analoligonga. Gome likibanduka na unga wa mbao ukamwagika, wadudu walishaingia kabla yake; yeye anawala.

Ukiona tundu la mviringo kwenye tawi kavu, huenda ni kiota. Subiri makinda yaruke ndipo ukate. Tawi likiwa juu ya paa, usisubiri sana: mwite fundi wa kukata miti, usipande mwenyewe.

Mwembe wote ukianza kukauka, mwone afisa ugani kabla ya kupuliza dawa yoyote. Sumu hiyo humfikia ndege kupitia wadudu anaowala.