Klachi Mpya Haiachii: Pima Kabla ya Kushusha Giaboksi

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina pikapu ya dizeli ya tani moja ninayobebea viazi mviringo kutoka Ilembo, Umalila, hadi soko la Mwanjelwa jijini Mbeya. Klachi ilianza kuteleza milimani, hivyo nikanunua seti mpya ya klachi pleti, presha pleti na beringi, na fundi wa hapa mtaani akaifunga baada ya kuipeleka flaiwili (gurudumu zito la chuma linalozunguka na injini) kuchongwa. Tangu siku hiyo, injini ikiwa imezimwa gia zote zinaingia vizuri, lakini ikiwashwa hakuna gia inayokubali, na rivasi inakwaruza vibaya. Nikiwasha gari likiwa kwenye gia namba moja, linaruka mbele ingawa nimekanyaga pedali hadi mwisho. Fundi anataka kushusha giaboksi upya na nilipie kazi hiyo mara ya pili. Je, nimruhusu?
Msomaji, Mbalizi

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Usimruhusu kwanza. Kwa kuwa gia zote zinaingia injini ikiwa imezimwa, giaboksi yako haina dalili ya ubovu. Kinachotokea ni kwamba klachi pleti inaendelea kuzunguka pamoja na flaiwili hata unapokanyaga pedali. Swali la kujibu ni moja tu: je, nguvu ya mguu wako inafika kwenye klachi, au inafika lakini klachi yenyewe inagoma kuachia? Swali hilo linajibiwa kwa rula na tochi, giaboksi ikiwa mahali pake.

Ukikanyaga pedali, masta silinda husukuma fluidi hadi kwenye silinda ndogo iliyofungwa ubavuni mwa giaboksi. Silinda hiyo husukuma foku, yaani wenzo wenye umbo la uma, foku husukuma beringi, na beringi hubonyeza vidole vya presha pleti mpaka presha pleti irudi nyuma na kuiacha klachi pleti huru. Urefu wa safari hiyo ya mwisho ni mdogo mno, takriban milimita moja au mbili, na ndiyo maana upungufu kidogo tu wa mwendo kwenye fimbo ya silinda ya chini unatosha kuifanya klachi nzima isiachie.

Anza na jaribio lisilogharimu chochote. Washa injini, gari likiwa huru na breki ya mkono ikiwa imevutwa, kanyaga pedali mara nne au tano mfululizo kwa haraka, ishikilie chini, kisha jaribu kuingiza gia. Ikiingia, au ikikwaruza kidogo kuliko mwanzo, tatizo liko upande wa fluidi na mara nyingi ni hewa iliyobaki ndani ya mfumo. Hewa hubanwa, fluidi haibanwi, kwa hiyo sehemu ya nguvu ya mguu wako inaishia kubana hewa badala ya kusukuma foku. Jambo hili hutokea kwa urahisi pale silinda ya chini inapofunguliwa na kuachwa ikining'inia, kisha mtu akakanyaga pedali bila kujua.

Baada ya hapo zima injini, weka mawe kwenye matairi, na umwombe mtu akanyage pedali polepole hadi mwisho huku wewe ukipima mwendo wa fimbo inayosukuma foku. Kwa magari mengi ya aina ya lako mwendo huo huzidi milimita 10. Ukipata milimita sita au saba, hakuna sababu ya kugusa giaboksi: toeni hewa, mkitumia fluidi ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kopo lake, kisha pimeni tena. Kama hewa imekwisha na mwendo bado ni mfupi, angalieni kama bomba la mpira la fluidi linavimba pedali inapokanyagwa, na kama pedali inazama taratibu ikishikiliwa chini bila fluidi kuvuja nje, kwa maana hapo masta silinda inavuja kwa ndani. Kuhusu flaiwili kuchongwa, uso wake umesogea upande wa injini na vidole vya presha pleti vimesogea nao, mbali na beringi. Kama fimbo yako ina nati ya kurekebisha, hatua hiyo ilipaswa kufanyika siku ileile, na inawezekana kabisa ilisahaulika.

Ikiwa mwendo unatosha na klachi bado haiachii, vua mpira unaofunika tundu la foku, mulika ndani, na utazame kama foku imekaa kwenye egemeo lake na beringi imeshikwa vizuri. Hayo yakiwa sawa, hapo ndipo nakubaliana na fundi kwamba giaboksi ishuke.

Ikishuka, tazama kwanza kama klachi pleti imegeuzwa. Kwa kawaida upande wenye kitovu kilichotokeza hutazama giaboksi, na pleti nyingi huwa na maandishi yanayoonyesha upande wa flaiwili. Ikigeuzwa, kitovu hukwama kwenye boliti za flaiwili na hakuna urekebishaji utakaosaidia. La pili linaniuma zaidi, kwa sababu nimeliona mara nyingi katika gereji zisizo na jeki ya giaboksi: vijana wawili wanainyanyua kwa mikono, wanauacha uzito wake ulale kwenye shafti inayopita katikati ya klachi pleti, kisha wanaivuta kwa kukaza boliti. Klachi pleti mpya inapinda hapohapo, na pleti iliyopinda huendelea kugusa upande mmoja hata presha pleti ikirudi nyuma. Beringi ndogo ya katikati ya flaiwili nayo ichunguzwe, maana ikikwama huzungusha shafti hata klachi ikiwa imeachia.

Kama kosa ni pleti kugeuzwa au kupindishwa wakati wa kufunga, kwa maoni yangu hustahili kulipia kazi mara ya pili. Mweleze fundi wako kwa heshima, ukiwa na vipimo mkononi. Wakati huohuo usipakie viazi: kushuka kutoka Umalila bila uwezo wa kupunguza gia ni kuziachia breki mzigo wote, na ukiupanda mlima wa Iwambi gari linaweza kuzimika katikati ya malori.

Siku ya kufunga, boliti za presha pleti zikazwe kwa kupishana, kidogo kidogo, na meno ya shafti yapakwe grisi nyembamba tu. Kabla giaboksi haijapandishwa, mwombe fundi aitelezeshe klachi pleti kwenye shafti kwa mkono mbele ya macho yako. Ikikwama mahali popote, isifungwe mpaka sababu ijulikane.