ISO 50 kwenye kamera: jua inachofanya kabla hujaitumia

Mkuu, umeuliza hivi: kamera yako inashuka mpaka ISO 50 (ISO ni namba inayoonyesha kamera inakuza mwanga kiasi gani), ila kwenye menyu imeandikwa L badala ya namba, na unataka kwenda nayo maporomoko ya Kaporogwe kule Tukuyu upige maji yatoke laini. Je, itakupa picha safi kuliko 100? Napiga picha huku Mbeya na maporomoko ya Rungwe ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Kwa maji meupe, baki na 100.

Kila sensa, yaani kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga, ina ISO yake ya msingi. Kamera nyingi ni 100, Nikon D850 ni 64, Fujifilm X-T5 ni 125. Hapo ndipo sensa inapopokea mwanga mwingi zaidi kabla ya kujaa. Ukipanda 400 au 800 sensa haiongezewi uwezo wa kuona. Unaipa mwanga kidogo, kisha kamera inakuza kile kidogo ilichopata, na chenga, yaani vidoadoa kwenye picha, zinaonekana.

Sasa hiyo L. Ukiweka 50, kamera inaingiza mwanga mara mbili ya ule wa 100, halafu inaififisha picha kwa hesabu za ndani. Sensa ni kama ndoo iliyokingwa bombani: ukubwa wake haujabadilika, umefungulia maji zaidi tu, na yaliyomwagika hayazoleki. Sehemu za giza zitakuwa safi kidogo, kweli, lakini nyeupe zinaungua mapema kwa stopu moja nzima (stopu moja ni mwanga mara mbili, au nusu yake). Hata ukipiga RAW, yaani faili ghafi la kamera, hazirudi.

Na Kaporogwe ndipo utakapoumia. Mwamba ni mweusi, maji ni meupe, na jua likishapanda tofauti inakuwa kubwa mno. Ukitumia 50 unapoteza nyuzi zote za maji, unabaki na bamba jeupe. Nenda asubuhi mapema au siku ya mawingu, weka ISO 100, funga filta ya ND8, kioo cheusi cha kupunguza mwanga mbele ya lenzi. Hiyo inapunguza stopu tatu: kama shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) ilikuwa 1/15 ya sekunde, inakuwa nusu sekunde, na kwa jicho langu nusu sekunde ndiyo tamu, maji yanalainika lakini bado yana mwendo. Stendi ni lazima. Tumia taima ya sekunde mbili ili kidole chako kisitikise kamera. Beba na kitambaa kikavu, maana ukisogea karibu manyunyu yanajaa kwenye filta.

L ina siku yake, sikatai. Ukungu ukitanda kule Daraja la Mungu, mto Kiwira, hakuna kitu kinachong'aa na filta umeiacha nyumbani, itumie. Angalia tu histogramu, ile grafu ya mwanga wa picha, isigonge ukingo wa kulia.

Kuna wanaosema ISO iwe chini kabisa muda wote. Siafikiani nao hata kidogo. Ukipiga harusi kanisani Iringa, mwanga hafifu, ISO 100 inaweza kukupa shata ya 1/15, na watu hawasimami kama sanamu. Panda hadi 1600 upate 1/250. Chenga zinapunguzika kwenye kompyuta, lakini uso wa bibi harusi uliovutika hakuna programu inayourudisha vizuri.

Kutambua ISO za nyongeza: Canon huandika L, Nikon huandika Lo, Sony huweka vistari juu na chini ya namba. Na kama ni Canon na inagoma kushuka chini ya 200, tafuta kwenye menyu Highlight Tone Priority (mpangilio wa kulinda sehemu nyeupe) uizime. Ikiwa imewashwa, 100 haitapatikana.