Kabla ya kutangaza umepata jeni, uliza undugu

Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja wa uzamili, anayefanya utafiti wa mtama upande wa Lango, kaskazini mwa Uganda, aliniandikia: "Kaka, nimemaliza uchambuzi. Grafu yangu ya Manhattan ina vilele karibu kila kromosomu. Msimamizi wangu amefurahi sana, anataka tuandike haraka. Lakini moyo wangu haujatulia. Wewe wasemaje?"

Nilimjibu siku hiyohiyo, kisha nikaona jibu lile linawahusu wengi. Najua wengi mnaosoma hapa mnataka kile ninachokitaka mimi: kuipata jeni ya kweli, kuiandika, na kuona mzalishaji wa mbegu anaitumia. Basi nasema kwa urefu. Kwa walio wageni: grafu ya Manhattan hupanga kwa kromosomu alama za vinasaba, yaani sehemu za DNA zinazotofautiana kati ya mmea na mmea, na kilele ni alama inayoonekana kuhusiana na sifa unayoipima.

Dada, moyo wako umeona sawasawa. Mtama una jozi 10 za kromosomu, na grafu yako inadai kwamba karibu kila moja imebeba jeni nzito. Sifa changamano, kama urefu au mavuno, kweli huongozwa na jeni nyingi, mwanatakwimu Fisher alishalionyesha hilo kwa hesabu mwaka 1918. Lakini jeni nyingi maana yake kila moja ina mchango mdogo, na mchango mdogo hauonekani kirahisi kwenye sampuli ya mimea mia mbili au mia tatu. Kwa sampuli kama hiyo, sifa changamano halisi hukupa vilele viwili vitatu, pengine usipate hata kimoja. Ukiona msitu mzima wa vilele, mara nyingi unachokiona ni undugu wa mimea yako.

Hesabu ya kwanza wengi wanaijua. Ukiwa na alama za vinasaba 40,000 na ukapima kila moja kwa kiwango cha asilimia 5, alama kama 2,000 zitapita kwa bahati tu, hata kama hakuna jeni yoyote. Kwa hiyo tunagawa 0.05 kwa 40,000, tunapata 0.00000125, ambayo kwenye grafu, inayochorwa kwa logi hasi, ni mstari ulioko karibu na 5.9. Watu huuchora mstari huo, wakaona vilele vimeupita, wakashangilia. Mstari ule unakulinda dhidi ya bahati. Haukulindi dhidi ya undugu hata kidogo.

Chukua Waganda elfu moja, nusu kutoka Gulu na nusu kutoka Mbarara, uwaulize nani amekula malakwang mwezi huu. Kisha soma vinasaba vyao. Kila alama inayotofautiana kidogo kati ya watu wa kaskazini na wa magharibi itaonekana kuwa "jeni ya malakwang", nayo itavuka mstari wako kwa mbali. Hakuna jeni hapo, kuna jikoni mwa mama. Mkusanyiko wako wa mtama ni vilevile: aina za Karamoja, aina za Teso, aina zilizoletwa kutoka nje. Makundi hayo yanatofautiana kwa urefu, kwa ukomavu, kwa kustahimili ukame, na pia yanatofautiana kwa maelfu ya alama zisizohusiana na sifa hizo.

Dawa yake imejulikana muda mrefu. Mwaka 2006 Jianming Yu, Edward Buckler na wenzao walichapisha modeli mchanganyiko inayobeba mambo mawili pamoja: muundo wa makundi, na jedwali la undugu linaloonyesha kila mmea unahusiana kiasi gani na kila mwingine. Programu karibu zote mnazotumia, TASSEL, GAPIT, GEMMA, zina njia hiyo. Weka undugu kwenye modeli. Nitalirudia tena huko mbele kwa sababu bado naona tasnifu zinazoliruka.

Hili kwangu si la vitabuni. Nilipoanza kazi nilikuwa kijana mdogo kwenye mradi wa mihogo, nimepewa data za ugonjwa wa michirizi kahawia. Mnaujua ugonjwa huo: majani yanaweza kukudanganya kwamba mmea ni mzima, unachimba baada ya miezi kumi na miwili, unakata muhogo, ndani umekauka na kuwa wa kahawia kama gome. Ulielezwa na mtafiti Storey kwenye kituo cha utafiti cha Amani, Tanganyika, katika miaka ya 1930, na tangu 2004 umekuwa ukiwatesa wakulima wetu hapa Uganda mbali na mwambao ulikozoeleka. Mkusanyiko wetu ulikuwa na mihogo ya wakulima wa hapa, na mingine yenye asili ya Afrika Magharibi na Amerika Kusini. Makundi matatu yenye historia tatu.

Mkubwa mmoja katika mradi alikuwa ameshaendesha kipimo rahisi, alama moja moja, bila undugu. Vilele vilikuwa vingi na vizuri kutazama. Mimi nikaendesha upya nikiwa na muundo wa makundi na jedwali la undugu. Karibu vyote vikazama. Kilibaki kimoja, kifupi, juu kidogo tu ya mstari. Nikaandaa slaidi, nikaileta kwenye mkutano.

Akasema mbele ya watu wote: "Kijana, umetumwa kutafuta jeni au kuzipoteza?" Watu walicheka. Slaidi yangu ikaondolewa. Makala ilipoandikwa, vilele vilikuwemo, na jina langu likawekwa kwenye shukrani, mstari mmoja na dereva na walinzi wa shamba. Nawaheshimu sana dereva na walinzi, bila wao hakuna data. Lakini uchambuzi ule niliufanya mimi, na inaniuma hadi leo. Sitajifanya haiumi.

Msimu uliofuata tulipanda eneo la pili. Vile vilele vilivyozama havikuonekana tena. Kile kimoja kifupi kilibaki palepale. Na mwezi uliopita, kwenye familia za misalaba, yaani watoto wa wazazi wawili waliochavushwa pamoja, tulizozitengeneza sisi wenyewe, miche iliyorithi aina nzuri ya alama ile imetoa mizizi safi zaidi kuliko ndugu zake waliorithi aina nyingine, baba mmoja, mama mmoja. Hapo ndipo nilipokaa chini nikashusha pumzi. Sikumpigia mtu simu. Lakini wanaonisoma wajue kwamba kijana hakupoteza jeni.

Nimtendee haki yule mkubwa kwa jambo moja, kwa sababu lina uzito wa kisayansi. Modeli yenye undugu inaweza kweli kuficha jeni halisi. Kama kinga yote iko kwenye ukoo mmoja na haipo kwingine, jedwali la undugu litaimeza kinga hiyo pamoja na ukoo wake. Kuondoa undugu hakutakutoa hapo. Fanya msalaba: mzazi mwenye kinga na mzazi asiye nayo, uwaangalie watoto. Ndani ya familia moja alama zinagawanywa upya na makundi hayana nafasi ya kukudanganya. Ndiyo njia ya zamani ya ramani za QTL, yaani sehemu za kromosomu zinazobeba jeni za sifa kama hizi, ile ambayo Lander na Botstein waliiwekea hesabu nzuri mwaka 1989, na haijazeeka. Kuna pia marekebisho madogo: unapopima alama za kromosomu ya 4, tengeneza jedwali la undugu kwa alama za kromosomu nyingine tu, ili jeni unayoitafuta isijifiche ndani ya undugu wake yenyewe.

Utajuaje kama modeli yako imetulia? Angalia grafu ya QQ, inayolinganisha matokeo yako na yale ambayo bahati tu ingetoa, kabla ya ile ya Manhattan. Alama nyingi hazina uhusiano na sifa yako, kwa hiyo nukta nyingi zinapaswa kulala juu ya ule mstari wa mshazari, na chache tu za mwisho ndizo ziinuke. Zikianza kuinuka tangu chini, rudi nyuma, bado una undugu ambao hujauhesabu. Mwanafunzi aliyeniandikia alinitumia grafu yake ya QQ baadaye. Iliachana na mstari karibu kabisa na mwanzo.

Sasa tuingie shambani, maana huko ndiko ninakoona vijana wanavunjika na hawajui. Kila mtu anataka kuniuliza ni programu gani, hakuna anayeuliza nani alikata mizizi. Michirizi kahawia tunaipima kwa namba kutoka 1 hadi 5: 1 ni mzizi safi, 5 ni mzizi ulioharibika zaidi ya robo. Watu wawili wamekaa kwenye lundo la mihogo, kila mmoja na panga lake. Mmoja anakata vipande vitano kila mzizi, mwingine vitatu kwa sababu jua limekuwa kali na gari linasubiri. Kuna doa moja dogo karibu na kikonyo: huyu anasema 2, yule anasema 1. Saa nane mchana hata mtu yuleyule hasemi alichosema saa tatu asubuhi. Hayo yote yataingia kwenye uchambuzi wako kama kelele, na hakuna programu itakayoyatoa kama hukuandika nani alipima nini. Andika jina la mpimaji kwenye jedwali. Mwingize kwenye modeli. Na usimpe mpimaji mmoja bloku moja nzima, yaani sehemu moja ya shamba, utashindwa kumtenganisha na udongo.

Kisha marudio. Tuseme tofauti inayotokana na vinasaba ni 1 na ile inayotokana na shamba ni 4. Ukiwa na ploti moja kwa kila aina, kiwango cha kurithika ni 0.2, yaani sehemu kubwa ya unachokipima ni shamba. Ploti nne zinakufikisha 0.5. Nane, karibu 0.67. Pesa za kusoma alama zaidi hazikununulii hilo. Kati ya kuongeza alama kutoka 40,000 hadi 100,000 na kuongeza eneo la pili la kupanda, mimi nachukua eneo la pili bila kufikiri mara mbili, kwa sababu pia ndilo litakaloniambia kama jeni inafanya kazi Serere na Namulonge sawasawa au imependa sehemu moja.

Dokezo jingine, hili ni la waliofika mbali kidogo: mkitumia BLUP, yaani makadirio ya thamani ya kila aina, kama sifa ya kuingiza kwenye GWAS, yaani huu upimaji wa alama zote za jenomu, kumbukeni zimeshavutwa kuelekea wastani mara moja, na modeli ya pili itazivuta tena. Tumieni makadirio yasiyovutwa, au ziondoleeni kwanza mvuto huo na mziwekee uzito kulingana na marudio ya kila aina. Na kagueni majina. Mihogo yetu inasafiri kwa pingili kutoka kwa shangazi hadi kwa jirani, na jina hubadilika njiani. Mkikuta aina mbili zenye majina tofauti lakini alama zao zinafanana karibu zote, hiyo ni aina moja iliyohesabiwa mara mbili.

Halafu kuna kishawishi cha kilele kipana. Muhogo unazalishwa kwa pingili, kwa hiyo kromosomu hazichanganyiki mara kwa mara, na vipande virefu hurithiwa vikiwa vizima. Kazi iliyochapishwa mwaka 2018 kwa mihogo iliyopimwa hapa Uganda ilionyesha uhusiano na michirizi kahawia kwenye kromosomu ya 4 na ya 11. Ile sehemu ya kromosomu ya 4 inatokana na Manihot glaziovii, jamaa wa mwituni aliyechanganywa na muhogo kule Amani miaka mingi iliyopita. Kipande kama hicho ni kirefu na kina jeni nyingi ndani yake, karibu zote zinatembea pamoja. Mtu akikuonyesha alama moja humo akasema "hii ndiyo jeni", mwulize amewezaje kuitenga na jirani zake. Kinga ya batobato, ugonjwa mwingine wa muhogo, iitwayo CMD2 ilijulikana kwa miaka mingi kwamba ina jeni moja nzito, na bado mpaka 2022 ndipo jeni yenyewe ilipotajwa. Hiyo ilikuwa sifa rahisi! Yako ni changamano.

Na ukubwa wa athari usiuamini kwenye sampuli ndogo. William Beavis alilionyesha hili katika miaka ya 1990: ukiwa na watoto mia moja hivi, zile QTL chache zinazofanikiwa kuvuka mstari huonekana kubwa kuliko zilivyo, kwa sababu zimevuka zikiwa zimesaidiwa na bahati. Ndiyo maana mchango wa asilimia 30 wa leo unageuka asilimia 8 mwaka ujao, na mtu anadhani mvua ndiyo imeharibu.

Vipi kama umeweka undugu kwenye modeli, umerudia shamba, umekagua majina, na grafu imelala tambarare? Usiirudishe ile modeli ya kwanza ili upate cha kuandika. Nawaomba sana, msifanye hivyo. Mzalishaji wa mbegu atatumia alama zako kuchagua miche, atatupa mizuri na kubakiza mibovu, na mkulima wa Kaberamaido atapanda hiyo mibovu. Tangu 2001 Meuwissen, Hayes na Goddard walishatufungulia mlango mwingine: acha kutafuta jeni moja moja, tumia alama zote kwa pamoja kukadiria thamani ya kila mmea. Mradi wako unaweza kufaa sana hata kama hujataja jeni hata moja. Kwa sifa kama mavuno, mimi naanzia huko.

Kwa dada wa mtama nimeshamwandikia hatua zake: aendeshe upya akiwa na undugu, achore QQ zote mbili, ya kwanza na ya pili, aziweke ukurasa mmoja na ampelekee msimamizi wake ofisini, wakiwa wawili tu, si kwenye mkutano. Kama kitabaki kilele hata kimoja, aombe pesa za eneo la pili kabla ya kuomba za kuchapisha. Majedwali yake ya shambani nimemwambia anitumie yakiwa na majina ya wapimaji. Nitayapitia mwisho wa mwezi huu, na mwingine yeyote mwenye data za aina hiyo anaweza kuniandikia vilevile.