Je, Mavazi ya Kujikinga Humsaidia Mwendesha Bodaboda?

SWALI: Mhariri, mimi ni mhudumu wa bodaboda Kayole, Nairobi. Wenzangu husema kwamba jaketi nzito na glavu ni kupoteza pesa. Je, ni kweli?

JIBU: Si kweli, ndugu yetu. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba, miongoni mwa waliopata ajali, waliovaa glavu za pikipiki walikuwa na hatari ya kulazwa hospitalini iliyopungua kwa asilimia 59, nao waliovaa jaketi kwa asilimia 21. Aangukaye hutanguliza viganja, na lami huchuna ngozi mara moja. Hata hivyo, mavazi hayo hayazuii mfupa kuvunjika panapokuwa na kishindo kikubwa.

Pesa zikiwa haba, anza na helmeti, kwani hupunguza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 42 na ya majeraha ya kichwa kwa asilimia 69, mradi imfae mvaaji na mkanda ufungwe barabara chini ya kidevu. Ile inayoning'inia kwenye usukani Jogoo Road haimkingi yeyote, na inatuhuzunisha kuiona kila siku. Abiria wako naye, kisheria, anastahili helmeti na jaketi ya kuakisi mwanga.